Mpangilio wa Wote na Safu ya Nne

14 Septemba 2025

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo, dakika arobaini. Nilipotoka kanisani nilipitia makaburi ya watu wa reli kupima. Kutoka ukingo wa korongo mpaka safu ya kwanza ni mita kumi na moja. Mwaka jana mwezi kama huu zilikuwa ishirini na sita. Kwa hiyo korongo linakula mita kumi na tano kwa mwaka, ila halili kila siku sawasawa: kiangazi linalala, mvua ikianza linakula bila kupumzika.

Naanza daftari hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo. Ya pili ni kwamba nimechoka kusikia "tulifanya" mahali ambapo mimi peke yangu nilifanya. Nikiandika, angalau karatasi itajua.

Mambo yenyewe ni haya. Pale kuna safu ishirini na mbili za makaburi kumi na manane kila moja, na safu ya ishirini na tatu, ya mwisho, ina kumi na moja. Jumla mia nne na saba. Ni watu waliokufa miaka ya vita, mji ulipofungwa na hakuna aliyeweza kutoka hata kwenda shambani. Njaa, kipindupindu, risasi. Mbao zilikuwa zimekwisha jikoni, kwa hiyo hakuna misalaba. Kila kaburi lilipigiwa msumari wa reli, ule mnene unaoshika mataruma, maana gari la moshi lilikuwa limekwisha kufa na misumari haikuwa na kazi nyingine. Wakristo na Waislamu wamelala pamoja. Mama yangu, Ngalula, yuko safu ya nne, nafasi ya saba. Nilikuwa na miaka minane.

Kamati ya familia imepata uwanja mpya wa kuwahamishia, juu kwenye kilima. Pasta na imamu wamekubaliana neno moja: hakuna atakayeinuliwa bila kwanza kuitwa kwa jina lake. Kwa hiyo kabla ya majembe lazima iwepo orodha: safu, nafasi, jina. Majembe yataanza tarehe kumi na tano Desemba. Orodha ni kazi yangu.

15 Septemba

Hakuna mvua.

19 Septemba

Biro yetu, ofisi ya kamati, ina kompyuta moja tunayoiita mashine, vioo viwili vya jua juu ya paa, betri moja. Papa Onema, mwenyekiti wa kamati, zamani karani wa stesheni, hataki neno la siri. "Mali ya wote haina kufuli," anasema. Basi mashine ina akaunti moja tu, inaitwa "biro", na kila mtu anaingia kwa hiyo. Kila Jumanne mashine ni ya Godefroid Tshimpaka, anafanyia hesabu za afya. Siku nyingine ni yangu.

Godefroid alisoma Lubumbashi. Mji mzima unamwita Injeniere. Mimi nilijifunza kwa kutengeneza simu sokoni, meza namba kumi na nne, miaka tisa, kitabu kimoja kisicho na jalada. Mimi wananiita Claudine.

Programu ya kuchora ramani ya makaburi nimeiandika mimi. Naitunza kwa Git, chombo kinachoshika kila hatua ya kazi: nani amebadilisha nini, siku gani. Kazi moja pamoja na historia yake tunaiita ghala. Mwisho wa siku nasukuma nakala ya ghala mtandaoni, ili mashine ikifa, kazi isife.

28 Septemba

Mita kumi na robo.

Daftari ninaloandikia majina makaburini limelowa mpaka wino umekuwa maziwa ya bluu. Kurasa sita zimepotea. Kuanzia leo naandika majina kwenye simu, jioni nahamishia mashine, faili moja kwa kila safu, kisha nafuta kwenye simu kwa kuwa imejaa.

Ninayetembea naye ni Bibi Jamila. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa akichimba, na yeye alimbebea maji. Anazijua nafasi kama mtu anavyojua vyungu vyake.

"Hapa njo Mama Feza, muuza mukate," alisema leo.

"Unajuaje, Bibi?"

"Musumari nilipiga miye. Bwana alikuwa na homa. Ona namna umepinda. Mikono ya mwanamuke hiyo." Akacheka. "Na huyu jirani yake, walikaa miaka sita hawasalimiane. Tukawalaza bega kwa bega. Sasa wasalimiane vizuri."

Makaburi kumi na mawili leo. Nimesukuma. Git imejibu kwamba kila kitu ni safi, hakuna kilichobaki nje.

3 Oktoba

Kumi na moja. Safi.

5 Oktoba

Mita tisa. Makaburi tisa. Safi.

8 Oktoba

Mkutano wa kamati. Papa Onema aliomba nichapishe historia ya kazi ili awaonyeshe watu. Nikachapisha bila kusoma, betri ilikuwa inakufa. Akasimama, akavaa miwani, akasema: "Ndugu zangu, tumushukuru Injeniere Godefroid. Ametufanyia hatua mia moja arobaini na tatu. Mutu wa shule njo mutu wa shule."

Wakapiga makofi. Godefroid hakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimekaa kiti cha tatu, matope ya makaburini mpaka magotini.

9 Oktoba

Nimeihesabu historia mstari kwa mstari. Rekodi mia moja arobaini na tatu, zote jina Godefroid Tshimpaka. Za kweli zake ni kumi na mbili, alizorekebisha mwezi wa sita niliposhindwa na mistari ya ramani. Zangu ni mia moja thelathini na moja. Sikulia. Nilifunga mashine nikaenda kununua chumvi.

11 Oktoba

Nimepata chanzo. Git ina mipangilio ya ngazi mbili zinazotuhusu. Kuna mpangilio wa jumla: si wa dunia nzima kama jina linavyotisha, ni wa akaunti, unashika kila ghala linalofunguliwa kwa akaunti hiyo. Na kuna mpangilio wa ghala, unaokaa ndani ya ghala lenyewe. Miwili ikigongana, wa ghala unashinda. Godefroid ndiye aliyeiweka Git kwenye mashine, akaandika jina lake kwenye mpangilio wa jumla. Kwake nyumbani, kwenye mashine yake, isingekuwa neno. Lakini kwetu akaunti ni moja, basi jumla yake ilikuwa sisi sote.

Ni kama uwanja wa familia tatu. Mwenye uwanja akisema hapa tunapika kwa mawese, kila jiko linapika kwa mawese mpaka jiko lenyewe liseme hapana. Na jiko lisilosema kitu limekubali bila kujua.

Nimefungua faili la jumla nikaliona jina lake. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, unaoelekeza kwenye orodha ya mafaili ya kupuuzwa. Haukuwa na jina la mtu. Niliupita.

Ningeweza kubadilisha jina la jumla, kazi zake za afya nazo zibebe jina langu, aonje. Sikufanya hivyo. Nimeandika ndani ya ghala letu tu: Claudine Kasanda. Najihesabia hilo.

14 Oktoba

Jumanne, zamu yake. Nilimngoja mlangoni.

"Injeniere, hongera ya hatua mia moja arobaini na tatu."

"Hatua zipi?"

"Zile nilizotembea mimi, zikaandikwa jina lako."

Akatazama, akajishika kichwa. "Ah! Ni ile jina ya jumla. Pole, Claudine. Sikufikiri."

"Nimefikiri kwa ajili ya wawili."

"Umebadilisha ya jumla ama ya ghala?"

"Ya ghala."

"Vizuri. Ya jumla usiguse. Iko na sababu."

Iko na sababu! Mtu mwenye diploma hata akikukanyaga mguu, mguu wake una sababu. Sikumuuliza sababu gani. Naye hakusema.

18 Oktoba

Mita saba. Mvua siku tano kwa saba. Makaburi nane.

23 Oktoba

Safu ya tisa ilinishangaza. Misumari yake imekaa upande mwingine, na ramani yangu ilikuwa inawachora watu wote wamelala namna moja.

"Hawa tuliwalaza kwa kibla wote," alisema Bibi Jamila.

"Na Wakristo?"

"Siku ile walikuwa kumi na nane, na mabomu. Nani aliuliza? Mungu anajua wake."

Nimeandika programu upya: kila safu sasa ina mwelekeo wake mwenyewe. Rekodi hii ina jina langu. Nimeitazama mara tatu.

2 Novemba

Mita nne. Baada ya misa ya wafu watu walikuja na mishumaa, mvua ikaizima yote.

12 Novemba

Mita moja na nusu. Bibi Jamila anakohoa. Nimemwambia apumzike, akaniambia wafu hawapumziki wenyewe, sembuse yeye.

19 Novemba

Safu ya kwanza imekwenda. Nilifika asubuhi nikakuta hewa mahali pa watu kumi na wanane. Chini korongoni kulikuwa na maji mekundu na msumari mmoja.

Bibi Jamila alikaa chini kwenye majani mabichi akawataja wote, mmoja mmoja, kwa sauti. Mimi nilisimama nyuma yake nikajisemea: angalau majina yao yako salama.

20 Novemba

Mia nne na saba. Nimemaliza, siku ishirini na tano kabla ya tarehe. Nimesukuma. Safi.

Nimemwambia Papa Onema. Akasema: "Injeniere atafurahi."

22 Novemba

Saa tisa mchana radi imepiga paa la biro. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, niliona vioo vya jua vikiwaka vyeupe. Betri imepasuka. Mashine inanuka kama nywele zilizoungua. Niliifungua mwenyewe, mimi ni fundi: kibati cha kumbukumbu, kinachoshika mafaili yote, kina tundu jeusi katikati. Hapo hakuna cha kuokoa, najua ninachosema.

Papa Onema aliniuliza orodha iko wapi. Nikamwambia, "Papa, tulia. Mashine ni sanduku tu. Kila kitu nilisukuma."

Mvua hiyo hiyo imechukua safu ya pili.

24 Novemba

Asubuhi nilikwenda na Papa Onema biro ya afya, mahali Godefroid anapofanyia kazi siku nyingine, kwa kuwa ana mashine yake ya kubeba na mtandao. Nikamwambia ashushe ghala letu. Likashuka. Programu yote ilikuwepo, mpaka rekodi yangu ya safu ya tisa. Nikatafuta mafaili ya majina. Hakuna. Nikafikiri yako mahali pengine. Hakuna. Nikarudi nyuma kwenye historia mpaka Septemba. Majina hayakufutwa. Hayakuwahi kuwepo. Sifuri kwa mia nne na saba.

Nitaandika nilichosema, hata kama ni aibu. Nilisimama nikamwonyesha kidole mbele ya Papa Onema na mbele ya wauguzi wawili waliokuwa wanangoja kuchapisha.

"Kwanza uliiba jina langu. Sasa umeiba ya mama yangu."

"Claudine..."

"Mwizi! Mwizi wa shule!"

Papa Onema alisema, "Mama, taratibu." Godefroid hakupandisha sauti. Alikuwa amekwisha kujua, niliona usoni mwake, rangi ilikuwa imemtoka. Akatengeneza faili tupu ndani ya ghala, akaliita kwa jina la safu ya nne, namna nilivyokuwa nayaita yangu. Akaongeza kila kitu kwa amri ile ile ninayotumia mimi, ya kusema "chukua vyote". Akaiuliza Git hali. Git ikajibu: safi, hakuna kitu.

Faili lilikuwa pale. Tulikuwa tunaliona kwa macho. Na Git inasema hakuna kitu.

Kisha akaandika amri nyingine, inayouliza: faili hili linapuuzwa, linaachwa nje ya ghala, kwa agizo la nani? Jibu likaja mstari mmoja: orodha ya jumla, mstari wa kwanza, kila faili linaloishia `.csv`. Na mafaili yangu yote ya majina yanaishia hivyo, kwa kuwa ni majedwali.

"Hii njo sababu niliyokwambia," alisema. "Niliweka kwenye mashine yangu na kwenye ile ya biro."

"Sababu gani?"

"Miaka mitatu iliyopita, mji mwingine. Mwenzetu alisukuma kazi yake mtandaoni, na jedwali la wagonjwa likaenda ndani. Majina, na ugonjwa wa kila mutu. Watu wakasoma. Kulikuwa na mama mumoja, mume wake alimutupa inje na watoto. Nilikuwa naishi nyumba ya jirani yake. Toka siku ile, jedwali halitoki kwenye mashine ninayogusa. Sikuamini akili yangu itakumbuka kila mara, basi nikaweka kanuni ya jumla."

"Kwenye mashine ya watu wote."

"Ndiyo."

"Bila kusema."

"Bila kusema." Akainua macho. "Nilitaka kufunga chumba changu, nikafunga nyumba ya watu. Claudine, nilikosa."

Mimi nilikaa. Mwezi uliopita nililifungua faili lile la jumla. Niliuona mstari ule, macho yangu yalipita juu yake. Nilikuwa natafuta jina langu tu, na nilipolipata niliona kazi imekwisha.

Hilo sikulisema. Naliandika hapa.

25 Novemba

Sikwenda popote. Nakumbuka mambo mawili ya siku tuliyomzika mama. La kwanza: baba hakuwepo. Alikuwa ameondoka na gari la moshi kuelekea Kongolo kabla njia haijakatwa, na njia ilipokatwa, ilimkata naye. La pili: hapakuwa na sanda, wakatumia pazia letu la dirishani, la maua ya njano. Nilikasirika juu ya pazia. Nikamuuliza mjomba tutafunika nini dirishani. Sikuuliza kitu kingine.

26 Novemba

Nimekaa na kalamu. Safu mbili zimekwenda, makaburi thelathini na sita. Yamebaki mia tatu sabini na moja. Siku zilizobaki ni kumi na tisa. Ni karibu ishirini kwa siku, na siku yangu nzuri kuliko zote ilikuwa kumi na mbili. Bibi Jamila ana homa, hawezi kutembea. Hesabu haikubali.

27 Novemba

Nimekwenda kwa Godefroid. Sikumwomba msamaha, bado maneno yalikuwa mazito. Nilimwonyesha hesabu.

Akaitazama. "Unafikiri kwa miguu yako na kichwa cha Bibi. Familia ziko ngapi?"

"Mia tatu na zaidi."

"Wako na miguu."

Nilielewa kabla hajamaliza. Tusiende kaburi kwa kaburi tukiuliza ni la nani. Kila mtu aende asimame kwenye la kwake, siku moja, saa moja, nasi tupite tu. Papa Onema amepeleka tangazo redioni, kanisani na msikitini: Jumamosi tarehe sita, saa mbili asubuhi, kila mtu kwa wake.

30 Novemba

Tangazo limesomwa makanisa yote na kwa Kiswahili na Kitetela sokoni. Mvua.

3 Desemba

Mita moja kufika safu ya tatu. Nimenunua karatasi na mfuko wa plastiki. Sitaandika kitu mara moja tena maishani mwangu.

6 Desemba

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikifikiri nitakuwa wa kwanza. Walikuwa wamekwisha kusimama.

Sijui niliandike namna gani. Mia tatu na mmoja, nimewahesabu mara mbili. Wazee wamevaa koti la kazi la reli, lile la vifungo vya shaba. Mama wamejifunga vitenge vya sherehe, miguu ndani ya matope. Kila mmoja amesimama nyuma ya msumari wake, safu kwa safu, kama watu wanaongoja kuitwa. Wengine walikuja kutoka Kibombo kwa baiskeli. Manyunyu yalikuwa yanashuka na hakuna aliyefungua mwavuli.

Bibi Jamila aliletwa na vijana wa msikiti, wamembeba juu ya kiti cha plastiki kama bibi harusi. "Munishushe chini, minaona makofia tu!" aliwapigia kelele. "Na weye, toka hapo, kwako ni ule wa pili. Uko unalilia babu ya watu."

Watu walicheka. Yule bwana akahama hatua moja kulia, akaendelea kulia.

Kabla hatujaanza nilipanda juu ya jiwe. Nikasema: "Huyu Godefroid Tshimpaka nilimwita mwizi mbele ya watu. Si mwizi. Majina yalipotea kwa kanuni aliyoiweka bila kusema, na kwa mstari nilioupita bila kuusoma, kwa kuwa haukuwa na jina langu. Tuliyapoteza wawili. Namwomba msamaha mbele ya watu."

Mzee mmoja wa safu ya kumi na tatu akasema, "Imesikika, mama. Sasa andikeni, miguu inauma."

Tukaandika. Mimi kwenye simu, Godefroid kwenye karatasi ndani ya plastiki. Swali moja kwa kila mtu: aliyelala hapa anaitwa nani, na wewe ni nani wake. Wengi walijibu mara moja. Mama mmoja wa safu ya tatu alitaja jina, akanirudisha nilipokwisha pita hatua nne, akasema, "Ongeza, alikuwa anapiga mluzi." Jedwali langu halina mahali pa mluzi. Nimeongeza mahali.

Safu ya nne, nafasi ya saba, hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimepanga watu mia tatu na sikujipanga mimi. Nikampa Godefroid simu, nikasimama nyuma ya msumari. Akaniuliza kama alivyowauliza wote, sauti ile ile. Nikajibu.

Makaburi sitini na tisa hayakuwa na mtu. Bibi Jamila, kutoka kitini, alitaja hamsini na moja. Yakabaki kumi na manane asiyoyajua hata yeye, ambayo hata kwenye orodha iliyopotea niliyaandika "mgeni" tu, watu waliofika mjini wakikimbia vita na kufa wiki ile ile. Pasta na imamu walisogea kando wakashauriana, wakarudi. Imamu akasema wataitwa "ndugu yetu", na jina hilo linatosha.

Mia tatu na mbili pamoja na mimi, hamsini na moja, kumi na manane. Mia tatu sabini na moja. Hesabu imekubali.

7 Desemba

Kwa Godefroid, kwenye mashine yake. Kanuni yake ya jumla hatukuigusa, wagonjwa wake wanaihitaji. Ndani ya ghala letu tumeandika kanuni ya kwetu: hapa, majedwali yanapita. Kanuni iliyo ndani ya ghala ina nguvu kuliko ile ya jumla. Tumeandika na maneno juu yake, kwa nini, ili atakayekuja baada yetu asome sababu pamoja na amri.

Git ilisema safi. Sikuiamini. Nimeyataja mafaili moja moja.

8 Desemba

Nimekaa kitandani kwa Bibi Jamila. Kati ya thelathini na sita wa safu mbili zilizoanguka amenipa ishirini na tisa; wengine homa imemsahaulisha. Wataitwa kwenye ukingo, kwa kuwa hakuna cha kuinua.

"Hao saba wengine, Bibi?"

"Nilikwambia mwezi wa tisa," alisema. Hakusema kwa ubaya.

9 Desemba

Safu ya tatu imekwenda jana alasiri. Kumi na wanane, wote wameandikwa majina, pamoja na yule wa mluzi. Kamati imeamua: Jumatatu majembe yataanza na safu ya nne.

Mita mbili.

11 Desemba

Mita moja na robo.

13 Desemba

Hakukunyesha. Siku nzima nilikuwa natazama juu kama mwendawazimu.

14 Desemba

Mita moja kamili. Majembe kesho saa kumi na mbili.

Papa Onema alitaka kuchapisha orodha jana. Nilimwambia bado. Leo mchana nilimwomba Godefroid atafute mashine ambayo haijawahi kuigusa kazi yetu, ya mtu mwingine kabisa, asiye na kanuni zake wala zangu, ashushe ghala kutoka mtandaoni, anipigie simu, anisomee kile kilicho ndani. Asisome kile anachojua kuwa kimo, asome anachokiona. Nilikaa biro, kando ya mashine iliyoungua, karatasi za tarehe sita na za tarehe nane mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi. Papa Onema alikaa mlangoni akifukuza watu.

Tulianza saa saba. Alikuwa anasoma safu, nafasi, jina, mimi naweka alama. Safu ya kwanza ina mapengo manne, ya pili matatu, na tuliyasoma nayo: "Nafasi ya kumi na moja, tupu." Sauti yake ilikuwa imekauka tayari. Nilimsikia akinywa maji. Safu ya tatu yote ipo. Mluzi upo.

"Safu ya ine," alisema.

Moja, mbili, tatu. Nilikuwa naweka alama. Nne, tano, sita.

"Nafasi ya saba. Ngalula Marthe, muke wa Kasanda wa reli." Kwenye simu nilisikia mvua inaanza upande wake wa mji, upande wangu ilikuwa bado. "Claudine? Iko?"

Nikaitazama karatasi. Nikaweka alama.

"Iko," nikasema. "Endelea. Nafasi ya nane."